Makhan Singh: Katibu wa makabwela aliyedai uhuru mapema

HISTORIA ya ukombozi wa Kenya husimuliwa mara nyingi kupitia majina ya waliosimama majukwaani. Makhan Singh, ambaye jina lake hutajwa kwa nadra katika sherehe za kitaifa, alikuwa katibu. Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano, kuweka orodha ya wanachama, kuandaa ilani za mgomo na kuhakikisha kwamba vijikaratasi vya kuwaarifu wafanyakazi vimewafikia wahusika katika lugha wanazozielewa. Kwa kazi hiyo isiyo na mbwembwe, serikali ya kikoloni ilimtia kizuizini kwa takriban miaka 11 na nusu, muda mrefu kuliko ule aliofungiwa Jomo Kenyatta.

Ni vigumu kuelewa jinsi Mkenya wa kawaida alivyopata haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na haki ya kugoma bila kuhesabiwa kuwa mhalifu, pasipo kumfuata mtu huyu. Haki hizo hazikuletwa na hisani ya gavana yeyote. Zilidaiwa na maseremala, waashi, wapiga chapa, madereva wa teksi, washonaji viatu na makuli wa bandarini, nao walihitaji mtu wa kuandika madai yao na kuyapeleka kunakostahili.

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, eneo la Punjab lililokuwa wakati huo chini ya Uingereza na ambalo sasa limo nchini Pakistan. Babake, Sudh Singh, alikuwa fundi aliyekuja Kenya mwaka wa 1920 kufanya kazi katika shirika la reli. Mwana na mama walimfuata mwaka wa 1927, kijana akiwa na umri wa miaka 13. Alisomea Nairobi katika shule ya Wahindi ya serikali, ambayo leo ni Jamhuri High School, na mwaka wa 1931 akafaulu mtihani wa kuhitimu wa London. Angependa kuendelea na masomo ya juu lakini pesa hazikuwepo. Akaingia kufanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapishaji ambacho babake alikuwa amefungua baada ya kuacha reli.

Nyumba aliyolelewa haikuwa ngeni kwa siasa za kazi. Sudh Singh mwenyewe alikuwa miongoni mwa mafundi wa reli walioanzisha chama chao mapema katika miaka ya 1920. Chama hicho hakikudumu, lakini mtoto alikua akijua kwamba mshahara ni jambo linaloweza kujadiliwa.

Kenya aliyoikuta ilikuwa na ngazi tatu. Juu kabisa alikaa Mzungu, katikati Mhindi, chini Mwafrika, na kila mmoja alilipwa kwa kutegemea rangi ya ngozi yake hata kazi ilipokuwa ni ile ile. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kubeba kipande, akikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na bila hicho hangeweza kutembea wala kuajiriwa. Sheria ya mabwana na watumishi ilimfanya mfanyakazi aliyetoroka kazi kuwa mkosaji wa jinai. Machi 16, 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande na kodi, ulimiminiwa risasi mbele ya kituo cha polisi. Kwa hesabu za serikali yenyewe watu 21 waliuawa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume waliotaka kutawanyika.

Mhindi hakubeba kipande, lakini fundi wa Kihindi alikuwa na dhiki zake. Alifanya kazi saa nyingi kwa malipo yasiyotabirika, na mara nyingi mwajiri wake alikuwa Mhindi mwenzake, mwanakandarasi aliyejua fika kwamba mafundi hao hawana pa kukimbilia. Mwaka wa 1934 baadhi yao waliunda chama cha wafanyakazi Wahindi jijini Nairobi. Kikaanza kuyumba mapema, na Machi 1935 wakamgeukia kijana wa miaka 21 aliyekuwa na elimu, aliyejua mambo ya uchapishaji na ambaye pia alikuwa mtunzi wa mashairi ya Kipunjabi. Wakamchagua kuwa katibu asiye na mshahara.

Hatua yake kubwa ya kwanza ilikuwa kubadilisha jina. Katika muda wa wiki chache chama cha Wahindi kiligeuzwa kuwa chama cha wafanyakazi wa Kenya, milango wazi kwa mtu wa rangi yoyote. Miaka miwili baadaye jina lilipanuliwa tena likabeba Afrika Mashariki nzima. Kwa macho ya leo mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kuwa madogo. Wakati ule yaligusa nguzo iliyoushikilia utawala wote. Mfumo wa ngazi tatu ulitegemea kila kundi kuona kwamba adui yake ni kundi lililo karibu nalo: fundi Mhindi amwogope Mwafrika anayejifunza ufundi ule ule kwa malipo duni, naye Mwafrika amchukie Mhindi anayemzidi mshahara. Makhan Singh aliona kwamba mwajiri ndiye pekee aliyefaidi hofu hizo mbili.

Haikuwa rahisi kuwashawishi wanachama. Miaka ya mwanzo chama kilibaki kimejaa Wahindi, na Waafrika walikuwa na kila sababu ya kukitilia shaka. Katibu alijibu kwa njia aliyoifahamu, yaani wino na karatasi. Vijikaratasi vya chama vilitolewa kwa Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati, Kiswahili na Kiingereza. Mkutano uliitishwa, maazimio yakaandikwa, nakala ikatumwa kwa mwajiri na nyingine kwa serikali, na tarehe ya mwisho ikatajwa. Alijua kwamba fundi asiyejua kusoma angesomewa na mwenzake, na kwamba mwajiri aliyezoea kumfokea mtu mmoja mmoja angebabaika akipokea barua iliyopigwa mhuri wa chama.

Suala la kwanza lililozaa matunda lilikuwa la saa za kazi. Mwaka wa 1936 chama kilidai siku ya kazi ya saa nane, kikatangaza kwamba mtindo huo ungeanza Oktoba 1, na kikajiandaa kugoma endapo waajiri wangekaidi. Waajiri walilegeza kamba. Aprili 1, 1937 ukaja mtihani mgumu zaidi, mgomo wa kudai nyongeza ya mishahara jijini Nairobi. Uliendelea kwa siku 62. Miezi miwili bila mshahara ni muda mrefu kwa mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto, na yeyote aliyewahi kugoma anajua kwamba wiki ya tatu ndiyo huvunja moyo. Hawa hawakuvunjika. Walipopatana na waajiri, mishahara iliongezwa kwa kati ya asilimia 15 na 22 na waliogoma wakarudishwa kazini. Mwaka huo huo serikali ilipitisha sheria ya vyama vya wafanyakazi, na chama cha Makhan Singh kikasajiliwa. Sheria hiyo ilikusudiwa kuvidhibiti vyama kuliko kuvilinda, lakini serikali ilikuwa imekiri kwamba vyama vipo.

Julai 1939 chama kilifanya mkutano wake mkuu, na katika kamati yake wakachaguliwa Jesse Kariuki na George Ndegwa, viongozi wa Kikuyu Central Association. Chama cha Wahindi cha 1934 kilikuwa kimesafiri mbali. Wakati huo huo Mombasa ilikuwa ikichemka. Vibarua wa idara ya ujenzi ya serikali walianza kugoma, wakafuatwa na makuli wa bandarini na wengineo, wote wakilalamikia mishahara isiyotosha hata kodi ya chumba kimoja. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na baadhi ya waajiri wakaanza kutoa posho ya nyumba. Hakuna kiongozi mmoja anayeweza kudai kwamba mgomo wa Mombasa ulikuwa wake. Habari za Nairobi za 1937 zilikuwa zimefika pwani, na watu wakajua kwamba jambo hilo linawezekana.

Desemba 1939 Makhan Singh alisafiri kwenda India. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza na Uingereza haikuwa na subira na wachochezi. Mei 1940 alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwezi huo huo, huku Kenya, Kikuyu Central Association ilipigwa marufuku na viongozi wake wakakamatwa. Mwaka wa 1942 aliondolewa kizuizini lakini akawekewa mpaka wa kijiji chake, asikivuke, hadi 1945. Baada ya hapo akawa mhariri msaidizi wa gazeti la wiki la wakomunisti wa Punjab hadi aliporejea Kenya Agosti 1947, mwezi ambao India na Pakistan zilijipatia uhuru.

Ukomunisti wake unastahili kusemwa wazi, kwani wapo wanaomsifu wakiupitia kando na wapo waliomlaani kwa sababu yake pekee. Makhan Singh aliamini itikadi hiyo na hakuificha, hata alipoulizwa mahakamani. Ni kweli pia kwamba itikadi hiyo, mahali iliposhika hatamu za serikali, haikuvumilia vyama huru vya wafanyakazi wala migomo, na haki alizozipigania Nairobi hazikuwepo Moscow. Kwa Kenya, hata hivyo, aliacha rekodi inayoweza kukaguliwa: alidai usajili, mazungumzo, malipo ya haki na kura.

Nchi aliyorejea ilikuwa imebadilika. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 walikuwa wamegoma Mombasa, bandari, reli na hoteli zikasimama. Mikutano yao ilifanyika kila siku katika uwanja ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Kutokana na mgomo huo kilizaliwa chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, kijana aliyetaka kuwaunganisha wafanyakazi Waafrika wa nchi nzima. Agosti hiyo hiyo aliyorejea Makhan Singh, Kibachia alikamatwa, kisha akapelekwa Kabarnet, akazuiliwa huko kwa miaka 10. Septemba, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands, karibu na Limuru, na watu watatu wakafariki.

Kwa hiyo serikali ilipompata katibu wa zamani ameshuka melini, haikutaka kungoja. Alipewa amri ya kuondoka nchini. Alikataa, akisisitiza kwamba Kenya ndiko kwao, na suala hilo likaishia kortini. Majaribio ya kumfukuza yaligonga mwamba, naye akarudi kwenye madaftari yake.

Wakati huo Fred Kubai alikuwa akiwapanga madereva wa teksi na wa malori. Kubai alizaliwa Mombasa, alizijua mitaa ya Waafrika jijini Nairobi na alikuwa na uwezo wa kuwasisimua watu. Makhan Singh alikuwa na mpangilio, sheria na kalamu. Mei 1, 1949, vyama kadhaa, vikiwemo vya madereva, washonaji nguo, washonaji viatu na wapiga chapa, viliungana na kuunda East African Trades Union Congress. Kubai akawa rais, Makhan Singh katibu mkuu. Mwafrika na Mhindi, Mkristo na Kalasinga, wakaongoza shirikisho moja wakati ambapo hata vyoo vya stesheni ya reli viligawanywa kwa rangi.

Serikali ilikataa kulisajili shirikisho hilo. Chini ya sheria, chama kilichonyimwa usajili kilipaswa kuvunjwa. Viongozi hawakukivunja. Mwezi Machi 1950, Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji katika sherehe zilizohudhuriwa na Duke of Gloucester, mwana wa mfalme George wa Tano, shirikisho liliwataka wafanyakazi kuzisusia. Hoja yao ilikuwa ya wazi: jiji lilisherehekewa na wachache, ilhali waliolijenga waliishi wakibanana katika mitaa isiyo na maji ya kutosha wala taa.

Ndipo ikaja Jumapili ya Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni. Kenya African Union na chama cha Wahindi cha kisiasa cha Afrika Mashariki viliitisha mkutano wa pamoja kupinga mpango wa walowezi wa kujiimarishia mamlaka. Azimio lililoandaliwa lilikuwa la lawama kwa walowezi. Makhan Singh alisimama na kupendekeza nyongeza: kwamba suluhu ya kweli ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, tena bila kuchelewa, na kwamba Mwingereza hana haki ya kuzitawala. Umati uliipitisha nyongeza hiyo kwa kishindo. Wengi huutaja mkutano huo kuwa mahali ambapo dai la uhuru kamili lilitolewa hadharani kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Kenya. Viongozi wengi wa wakati huo walikuwa bado wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Inashangaza kidogo, na pengine haishangazi, kwamba aliyevuka mstari huo alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Kwa miaka 15 alikuwa ameshuhudia jinsi kila ushindi wa mshahara ulivyoweza kufutwa na sheria moja iliyotungwa na watu wasiochaguliwa na yeyote miongoni mwa waliogoma.

Ilichukua wiki tatu tu. Mei 15, 1950, Makhan Singh na Kubai walitiwa nguvuni. Kosa walilotajiwa ni kuwa viongozi wa shirikisho lisilosajiliwa.

Siku iliyofuata Nairobi iligoma. Sehemu hii ndiyo inayoonyesha kwamba chama hakikuwa mali ya viongozi wake, kwani wote wawili walikuwa ndani. Madai yaliyotolewa na waliobaki nje yalikuwa kuachiliwa kwa viongozi hao, mshahara wa chini usiopungua Sh100 kwa mwezi, kuondolewa kwa sheria za jiji zilizowabana wenye teksi, na uhuru kwa Afrika Mashariki. Watumishi wa nyumbani waliacha jikoni za mabwana zao, wafagiaji na wapagazi wakakaa chini. Polisi walitumia virungu na gesi ya kutoza machozi, magari ya kivita yakazunguka mitaani na ndege zikaruka juu ya Pumwani na mitaa jirani. Katika bonde lililo karibu na makazi hayo moto uliwashwa na kuchochewa mchana na usiku, ishara kwa asiyejua kusoma kwamba mgomo ungali unaendelea. Ulienea hadi miji mingine kabla ya kumalizika baada ya siku tisa. Mamia walikamatwa, wengine wakafutwa kazi. Majina ya wengi wao hayamo katika kitabu chochote.

Madai yao hayakutimizwa papo hapo. Ni kosa kusimulia mgomo wa 1950 kama ushindi. Shirikisho lilisambaratishwa, na kwa miaka miwili iliyofuata harakati nyingi ziliingia gizani, katika viapo vya siri. Kufikia Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilikuwa imekwisha kuwafungia Wakenya mlango wa mwisho wa kudai haki zao mchana kweupe.

Kesi ya kuamua hatima ya Makhan Singh ilisikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker. Jaji huyo alikuwa ameongoza jopo lililochunguza mishahara ya wafanyakazi wa Mombasa baada ya mgomo wa 1947, na ndiye aliyewatia hatiani Kenyatta, Kubai, Bildad Kaggia na wenzao katika kesi ya Kapenguria mwaka wa 1953. Makhan Singh hakujaribu kujiokoa. Alieleza mahakama kwamba yeye ni mkomunisti, kwamba haitambui haki ya Uingereza kuitawala Kenya, na kwamba alitaka Afrika Mashariki iwe huru. Kutokana na kesi hiyo akawekewa amri ya kuzuiliwa Lokitaung, kituo cha mbali kaskazini mwa Turkana.

Alikuwa na umri wa miaka 36. Baadaye alihamishwa hadi Maralal, kisha Dol Dol. Kenyatta na wenzake wa Kapenguria walipopelekwa Lokitaung, yeye alikuwa tayari amekwisha kuonja jua la huko. Zaidi ya mara moja serikali ilimwonyesha mlango uliokuwa wazi: akubali kuondoka Kenya aende zake India, naye atakuwa huru siku hiyo. Kila mara alikataa. Alikuwa na mke na watoto watatu Nairobi, na watoto hao walikua wakimjua baba yao zaidi kupitia barua na ziara za kuombewa kibali. Ni gharama ambayo haikulipwa na yeye peke yake, na wasimulizi wa historia yake wangefaa kuitaja mara nyingi zaidi. Babake, fundi wa zamani wa reli, aliendelea kuiandikia serikali akiomba mwanawe aachiliwe.

Kubai, aliyekabiliwa pia na mashtaka mengine, aliachiliwa mapema 1951, akakamatwa tena usiku wa kutangazwa kwa hali ya hatari. Kati ya wafungwa wote wa kisiasa wa enzi hiyo, hata hivyo, ni wachache sana waliozuiliwa kwa muda mrefu kama Makhan Singh. Aliachiliwa Oktoba 1961, miezi miwili baada ya Kenyatta. Alitoka akitangaza kwamba msimamo wake haujabadilika, akajiunga na Kanu, na akawa tayari kurejea kazini.

Kazi haikumngoja. Vyama vya wafanyakazi sasa viliongozwa na kizazi cha Tom Mboya, mwanasiasa mwenye kipaji kikubwa aliyekuwa na uhusiano wa karibu na vyama vya Marekani na vya Ulaya Magharibi. Vita baridi vilikuwa vimefika hadi ofisi za vyama vya Nairobi, na mkomunisti wa miaka 48 hakuwa na nafasi humo. Makhan Singh alijitolea kufanya kazi katika shirikisho lililokuwepo, hakuhitajiwa. Serikali mpya nayo haikumpa wadhifa wowote. Februari 1965, Pio Gama Pinto, Mkenya mwingine mwenye asili ya Kihindi aliyefungwa na wakoloni na aliyeendelea kudai ardhi na haki kwa maskini, aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi. Kaggia alihamia upinzani mwaka uliofuata na baadaye akafungwa jela na serikali ya nchi aliyoipigania.

Mwaka huo wa 1965 mashirikisho ya wafanyakazi yaliyokuwa yakizozana yalivunjwa na badala yake Cotu ikaundwa. Rais wa nchi alipewa uwezo wa kuteua katibu mkuu wake kutoka kwa majina aliyowasilishiwa, na sheria ikaongeza vikwazo kwa mgomo. Makhan Singh alikuwa amekaa kizuizini kwa sababu ya shirikisho ambalo mkoloni hakutaka liwe huru. Serikali ya uhuru haikulipiga marufuku shirikisho. Ililiweka karibu nayo. Haki ya kila mtu kujiunga na chama na kugoma ilingoja hadi Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, ndipo ikaandikwa waziwazi katika sheria kuu ya nchi.

Hakuna ushahidi kwamba alilalamika hadharani kuhusu kuachwa nje. Alirudia jambo alilolijua. Alizikusanya karatasi zote alizohifadhi tangu 1935, kumbukumbu za mikutano, vijikaratasi, nakala za barua kwa waajiri, hati za korti, akaanza kuandika. Mwaka wa 1969 kilichapishwa kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya hadi 1952. Si kitabu cha kusisimua. Kimejaa tarehe, maazimio, orodha za maafisa waliochaguliwa, viwango vya mishahara na majina ya vyama vilivyodumu mwaka mmoja. Msomaji mvivu atakiweka chini kabla ya ukurasa wa hamsini. Anayevumilia atawakuta humo watu ambao historia nyingine imewaacha: mweka hazina wa chama cha washonaji, mjumbe wa kamati ya mgomo, fundi aliyepokonywa kazi kwa kusimama kwenye mkutano na kuuliza swali. Juu ya nafsi yake mwandishi amesema machache kupita kiasi.

Alifariki ghafla Nairobi Mei 18, 1973 kutokana na maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 59. Mswada wa kitabu cha pili, kinachoendelea hadi 1956, ulibaki mezani. Mwanahistoria Bethwell Ogot aliuhariri, na ukachapishwa mwaka wa 1980. Karatasi zenyewe zilipelekwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako watafiti huzisoma hadi leo, miongoni mwazo zikiwa ilani za mgomo katika lugha tano.